Mstari wa Kumi na Mbili

Kabla ya yote naapa kwamba faili la Kurinjimalai halikuharibiwa na mimi. Najua kiapo changu hakina soko. Mwezi Juni, katika shule yetu ya bweni, tangazo lenye muhuri wa mhasibu lilitokea ubaoni likiwaagiza wasichana wote wafike uwanjani Jumapili saa moja asubuhi, kila mmoja na soksi yake ya kushoto mkononi, kwa ukaguzi. Wasichana mia moja na arobaini walifika. Matroni naye alifika na yake. Hakuna aliyeniona nikibandika tangazo hilo, lakini nilikuwa wa kwanza kucheka, na sheria za shule yetu zinakubali ushahidi wa namna hiyo. Nikapewa majuma matatu ya kwenda kutafakari nyumbani kwa shangazi yangu Poongodi, mjini Coonoor, kwenye milima ya chai kusini mwa India.

Shangazi anafanya kazi kwa dalali wa chai. Viwanda vya milimani humletea dalali habari za chai yao kila Alhamisi kabla ya saa sita mchana: mafungu mangapi, ya daraja gani, magunia mangapi. Dalali huziingiza katika orodha ya mnada, na wanunuzi husoma orodha. Chai isiyokuwa katika orodha haipo duniani, hata kama umeikalia.

Wiki niliyofika, dalali alianza kutumia mfumo mpya ulioko Chennai. Wenyewe wanauita lango. Kazi yake ni kupokea ujumbe wa kila kiwanda, kuutafsiri, kisha kuupeleka kwenye mfumo wa mnada. Huko ndani ya lango kila neno hutembea na jina lake shingoni: hapa daraja linaanza, hapa daraja limekwisha, hapa magunia yanaanza, hapa yamekwisha. Lakini kompyuta za viwandani ni kongwe, hazina muda wa kuvalishana majina. Zinatuma mistari mitupu ya herufi na tarakimu zilizobanana, na kinachozitofautisha ni viti tu. Kiti cha kwanza hadi cha sita ni namba ya kiwanda, cha saba hadi cha kumi ni fungu, vinne vinavyofuata ni daraja, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa mstari. Lango limepewa ramani ya viti. Herufi ikikaa katika kiti kisicho chake, faili zima linafukuzwa. Ni kama bwalo letu la chakula, ila bwalo letu lina huruma kidogo.

Siku ya Jumatano ya wiki yangu ya tatu, shangazi aliziba mlango wa jikoni kwa mwili wake.

"Thenarasi. Umegusa kompyuta yangu?"

"Ipi, shangazi?"

"Usiniulize ipi. Ziko ngapi humu ndani?"

"Sijaigusa."

"Nitazame machoni."

Nikamtazama. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu nikitazamwa machoni hucheka hata nikiwa sina hatia.

"Eti anacheka! Mzee wa watu anapoteza kazi, yeye anacheka!"

Hapo nikaacha. Nikauliza mzee gani, na shangazi akakaa chini, akaeleza.

Mzee mwenyewe ni Thillainayagam, ambaye wote humwita Babu Thillai, karani wa kiwanda cha Kurinjimalai. Kiwanda hicho ni cha wakulima mia mbili na kumi na wawili, na Babu Thillai amekiandikia habari zake kwa miaka thelathini na mmoja. Alhamisi ya kwanza ya lango jipya, faili lake lilikataliwa. Alilituma mara nne, likakataliwa mara nne, na chai ya Kurinjimalai ikakosa mnada. Alhamisi ya pili, vilevile. Ajabu ni kwamba siku nyingine zote lango lilimpokea vizuri. Watu wa Chennai walimwagiza atume faili la majaribio: likapita. Wakamwagiza atume jingine: likapita. Shangazi mwenyewe alipanda mlima, akasimama nyuma ya kiti chake, akamwambia atume la tatu: likapita bila hata kukohoa. Na faili linapokataliwa, lango halilihifadhi. Hulitupa, kisha hurudisha kijibarua cha mstari mmoja. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuliona faili bovu. Watu wote walikuwa wameona mazima tu.

"Kesho chai ikikosa mara ya tatu," shangazi alisema, "kamati inakutana saa nane mchana kumpumzisha. Kiti chake anapewa mkwe wa mwenyekiti, kijana aliyesomea kompyuta Coimbatore miezi mitatu."

"Kumpumzisha ni kumfukuza?"

"Ni kumfukuza ukiwa umemvisha shada la maua."

Nitasema ukweli: kilichonishika kwanza hakikuwa huruma. Kilikuwa udadisi. Faili linalotulia likitazamwa na kufanya ukorofi likiachwa peke yake! Tabia hiyo naijua. Nimeishi nayo tangu darasa la tano.

"Nipeleke kwake kesho, shangazi."

"Ukafanye nini?"

"Ninyi mmetazama mafaili. Hakuna aliyemtazama babu."

Shangazi alinipima kwa macho muda mrefu. "Ukimfanyia mzee yule mchezo wako wowote, nitakurudisha kwa baba yako kwa treni ya mizigo."

Asubuhi alinipakia nyuma ya skuta yake, tukapanda ndani ya ukungu, akanishusha mlangoni pa ofisi ya kiwanda, akageuka kurudi mjini ili awe karibu na simu yake ya kazini. Ofisi ile ilikuwa chumba kimoja kilichoshikamana na mashine za kukaushia majani, hivyo vikombe vilitetemeka mezani mfululizo, kama vyenye homa. Babu Thillai alikuwa amevaa shati jeupe lenye kalamu tatu mfukoni, na mistari mitatu ya majivu ya ibada kwenye paji la uso. Chini ya meza niliona mfuko wa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na kikombe chake, miwani yake ya akiba, na kalenda iliyotolewa ukutani ingawa mwaka haujaisha.

"Karibu, mjukuu wangu. Wewe ndiye wa soksi?"

"Ndiye wanayemsema, babu."

"Ya kulia waliacha wapi?"

"Tangazo halikuitaja, babu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesoma waraka ulioandikwa kwa uangalifu. Kisha akanisogezea chai na biskuti ngumu za varkey, ambazo milimani kwetu huliwa baada ya kuzamishwa kwenye kikombe, la sivyo unaacha jino.

Nikafungua kitabu cha hesabu, nikajifanya nasoma.

"Shangazi yako ameagiza nianze na la majaribio," alisema. Akachapa mistari michache ya chai isiyokuwapo: fungu hewa, magunia hewa, tarehe ya mwaka ujao. Akatuma. Nusu dakika haikwisha, jibu likaja: IMEPOKELEWA. Ilikuwa saa nne na robo.

"Unaona? Chai ambayo haipo wanaitaka."

Kisha akaondoka mezani, akanawa mikono bombani, akaifuta kidole kwa kidole, akarudi. Programu ya kiwanda ikamtolea faili la kweli, yeye akalifungua katika ukurasa mtupu wa kuandikia ili alikague. Akapeleka mkono juu ya ukurasa, akabonyeza kidogo, kisha akaanza kusoma kwa sauti mstari kwa mstari, kidole kikitambaa juu ya kioo. Namba ya kiwanda. Tarehe. Fungu la kwanza, daraja, magunia arobaini. Fungu la pili. Alisoma hadi mwisho, na mimi nilifuatisha kwa jicho. Hakukosea popote. Akatuma.

KOSA 14. MSTARI 1. JUMLA 12.

Babu Thillai hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alitazama tu saa ya ukutani, ambayo ilisema saa nne na dakika arobaini, kisha akautazama mfuko wake chini ya meza.

"Umenisikia nikilisoma, mjukuu."

"Nimekusikia, babu. Halina kosa."

"Basi ni uzee. Labda kompyuta inausikia kwenye vidole."

"Niruhusu nikione hicho kijibarua." Nikakigeuza huku na huku, ingawa kwenye kioo hakuna pa kugeuzia. Kosa la kumi na nne nililijua kutoka kwa shangazi: mstari umekaa katika viti visivyo vyake. Mstari wa kwanza, sawa. "Hii jumla kumi na mbili ni jumla ya nini, babu?"

"Mistari, nadhani. Sijawahi kuiuliza."

"Faili lako lina mistari mingapi?"

Alihesabu kwa kidole. Wa kichwa, wenye jina la kiwanda. Tisa ya mafungu. Wa mwisho, wa kufungia. "Kumi na mmoja."

Nikahesabu na mimi. Kumi na mmoja. Tukahesabu pamoja kwa sauti, kama watoto wa chekechea. Kumi na mmoja.

"Lango halijui kuhesabu," alisema Babu Thillai.

"Kuhesabu ndicho kitu pekee linachokijua, babu."

Sasa udadisi ulinikamata shingoni. Mahali fulani katika ukurasa ule, mbele ya macho ya watu wawili waliosoma, mlikuwa na mstari usioonekana. Nilitafuta chini ya mstari wa mwisho: patupu. Nilitafuta katikati ya mafungu: yamebanana, hata sindano haipiti. Nikazima taa nikaiwasha, jambo lisilo na maana yoyote kitaalamu. Ilikuwa saa tano na dakika tano.

Kisha nikafikiri: kidole changu kimelelewa. Kina mazoea yake, kinajua pa kuanzia. Kile kialama kinachopepesa kwenye kioo hakijalelewa na mtu. Nikakipeleka juu kabisa hadi kikakataa kupanda, nikaanza kukishusha kwa kitufe, hatua moja moja, nikihesabu. Kilipofika mwisho, nilikuwa nimesema kumi na mbili.

Nikakirudisha juu nione kinasimama wapi kwanza. Kilisimama kando ya alama ya Pillaiyar.

Ilikuwepo pale muda wote, katikati ya ukurasa, juu ya kila kitu: ile herufi moja iliyojikunja na mkia wake. Niliona mkono wa babu ukiiandika. Nikaiona tulipohesabu, mara tatu. Lakini ni nani huihesabu? Huandiki barua, orodha ya sokoni wala hati ya ndoa bila kumtanguliza juu yake Pillaiyar, mungu wetu mwenye kichwa cha tembo, afungue njia. Mimi huiandika juu ya kila karatasi ya mtihani, na katika somo la kemia huiandika mara mbili. Haimo katika maandishi. Ni kama vile usivyomhesabu mwenye nyumba unapohesabu wageni.

"Babu," nikasema polepole, "lile la majaribio, uliliwekea hii?"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia ateme mate kwenye chai. "Magunia yale ni ya uongo! Nimwite Pillaiyar aje kushuhudia uongo?"

Nikampigia shangazi. Nikamweleza. Kisha nikasikia akifungua kabati, karatasi zikipekuliwa, na mwishowe akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Ninayo hapa ramani ya Kurinjimalai ya mfumo wa zamani," alisema. "Kuna agizo moja juu kabisa: ruka mstari wa kwanza. Halina maelezo. Watu wa Chennai walipochora ramani mpya waliliacha, wakaandika pembeni kwamba halina kazi."

"Nani aliliandika, shangazi?"

"Hakuna jina. Miaka kumi na tisa iliyopita. Mtu aliyemjua karani wake." Akashusha pumzi. "Nikiwapigia sasa hivi, wataibadilisha Jumatatu. Mwambie mzee aiondoe, atume. Muda haupo."

Nikamwambia. Babu Thillai akaondoa mkono wake juu ya meza, akauweka mapajani.

"Hapana."

"Babu, ni herufi moja."

"Basi kama ni moja tu, wao kinawauma nini?"

"Saa tano na dakika ishirini, babu."

"Najua kusoma saa. Nilipoketi hapa siku ya kwanza nilianza nayo. Alipozaliwa mwanangu nilituma habari nayo ikitangulia. Niwapelekee chai ya watu mia mbili na kumi na wawili bila kufunguliwa njia, ili nibaki na kiti? Kiti gani hicho?"

Nilijaribu ujanja wote niliokuwa nao, na mnajua sikuwa maskini. Nikasema tuiandike kwenye karatasi tuibandike juu ya kioo. Akasema Pillaiyar hasafiri kwa gundi. Nikasema tuiweke mwishoni. Akaniuliza kama shuleni kwetu mlango hufunguliwa baada ya watu kuingia. Nikasema tuifiche ndani ya mstari wa kichwa, katika viti vya maelezo ambavyo lango halivisomi. Hapo alifikiri kidogo, kisha akakataa: atangulie, au asiende. Mashine nyuma ya ukuta zilinguruma. Varkey yangu ilikuwa imezama kikombeni ikawa uji.

Ilikuwa imebaki robo saa tu. Neno lake lilinizunguka kichwani: atangulie. Atangulie. Hakusema aambatane.

"Babu, akitangulia peke yake? Katika faili lake mwenyewe. Ndani hamna kitu kingine, hata nukta. Tunalituma hilo kwanza, halafu chai inafuata nyuma."

Akarudisha mkono mezani.

"Lango litalikataa," nikaongeza, kwa sababu mzee kama yule hadanganywi. "Litarudisha kosa la kumi na nne. Utaliona kwa macho yako. Labda utaona ni dharau."

Babu Thillai alivua miwani, akaisugua kwa ncha ya shati. Mabega yakaanza kumtikisika, nikaogopa analia. Alikuwa anacheka.

"Mtoto wewe! Kazi ya Pillaiyar ni ipi?"

"Kuondoa vizuizi, babu."

"Anayeondoa kizuizi hukutana nacho kwanza, au wewe uliona wapi kizuizi kinaondolewa na mtu aliyebaki nyumbani? Acha limkatae! Ndiyo kazi aliyotumwa. Sogea, unanizibia mwanga."

Akanawa tena mikono, ingawa nilikuwa nakufa kwa wasiwasi. Akafungua ukurasa mpya, akaandika herufi ile moja katikati, akakunja viganja, akatuma. KOSA 14. MSTARI 1. JUMLA 1. Akakitikisia kioo kichwa kwa heshima. Kisha akachukua faili la chai, mistari kumi na mmoja, akalisoma lote tena kwa sauti huku mimi nikiuma ukucha, akalituma saa sita kasoro dakika nne.

IMEPOKELEWA.

Nilipiga yowe hadi mama wa mizani ya majani akachungulia dirishani. Babu Thillai akanikataza kupiga kelele ofisini, kisha akainama chini ya meza, akatoa kikombe chake mfukoni, akakimiminia chai. Kalenda aliiacha humo. Kamati ilikuwa bado.

Saa nane wajumbe saba walikuja wakaketi pale pale ofisini. Mimi nilitolewa nje, nikasimama chini ya dirisha, mahali ambapo kwa bahati sauti hufika. Mwenyekiti Sadaiyappan alikuwa na shada la maua kwenye mfuko wa karatasi. Nilimwona akilisukuma nyuma ya mlango kwa mguu aliposikia kwamba chai imo katika orodha.

"Tunashukuru kwa leo," alisema. "Lakini wiki mbili chai imelala ghalani. Wakulima wanauliza kosa lilikuwa la nani, na mkwe wangu amesikia kwa dalali kwamba katika faili kulikuwa na kitu kilichoongezwa kwa mkono. Nani alikiongeza?"

Ningekuwa mimi, ningesema ni panya.

"Ni mimi," Babu Thillai akajibu. "Niliandika alama ya Pillaiyar juu ya kila faili la kweli. Mfumo mpya haukuijua; leo nimeitanguliza katika faili la peke yake, chai ikafuata. Mfumo haukosei, unafanya ulivyoambiwa. Kosa ni langu, mwenyekiti. Andikeni hivyo."

Mjumbe aliyeshika kitabu cha mikutano alifungua ukurasa safi, akafungua kalamu, na kalamu ikaenda yenyewe juu katikati ya karatasi, ikachora herufi iliyojikunja na mkia wake. Kisha ikasimama hapo hapo. Wajumbe wote saba waliitazama. Mwenyekiti aliitazama zaidi yao, kwa sababu mkononi mwake alikuwa na barua ya kumpumzisha mzee, na kutoka dirishani niliweza kuona mwanzo wa barua hiyo, na alichotanguliza yeye.

"Niandike nini?" mwenye kitabu aliuliza. "Kosa la karani Thillainayagam lilikuwa..."

"Subiri," alisema mwenyekiti.

Akaikunja barua mara mbili, tena mara mbili. Akakohoa. "Andika kwamba kamati imepokea maelezo. Andika kwamba kamati inamwomba dalali aichore vizuri ramani yake. Na kuanzia Alhamisi ijayo, Mzee Thillai, unatuma mafaili mawili?"

"Mawili."

"Lile la kwanza utalituma saa ngapi?"

"Saa nne kamili, mwenyekiti."

"Basi nipigie simu kabla," alisema mwenyekiti Sadaiyappan. "Nitakuja."